Mama Mwiko wa Panda

Nilimchora mara ya kwanza kwa sababu ya kuhara.

Mwaka huo watoto wa kambi yetu, huko Panda mjini Likasi, walikuwa wanaharisha mmoja baada ya mwingine, na mkuu wa foyer akaniagiza nitengeneze karatasi ya kuwafundisha kina mama kuchemsha maji ya kunywa. Foyer ilikuwa nyumba ya kampuni ambamo wake wa wafanyakazi walikuja asubuhi kujifunza kushona, kupika na kulea. Mimi nilikuwa msaidizi pale. Nilikuwa nimesoma kidogo kwa masista, nilijua kuendesha cherehani, na nilikuwa na mkono wa kuchora. Hayo yalitosha niitwe madamu, ingawa nyumbani nilisonga bukari, ugali wetu, juu ya jiko la mbabula la makaa kama wenzangu, na mume wangu alirudi kutoka karakana na mikono iliyojaa mafuta ya mashine kama waume zao.

Karatasi zenyewe tulizitengeneza kwa stensili. Unachora kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi yenye nta, taratibu, maana ukikandamiza kupita kiasi inachanika. Kisha unaifunga kwenye mashine ya kurudufu na kuzungusha mkono wake mpaka bega liume. Siku ya posho, kampuni ilipowagawia wafanyakazi unga, maharage na samaki wa chumvi, kila mama aliondoka na karatasi yake juu ya mfuko wa unga.

Nikachora mwanamke mnene kidogo, kitambaa kichwani kimefungwa fundo kwa mbele, kitenge kiunoni, miguu peku, mwiko mkononi. Mkuu wetu, mwanamke aliyesomea mjini, mwenye miwani na asiyependa mchezo, akampa jina la Mama Usafi. Katika picha ya kwanza Mama Usafi aliteka maji, katika ya pili akayachemsha, katika ya tatu akayapoza, katika ya mwisho mtoto akanywa na kutabasamu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeuliza kitu. Jioni nilipita nyuma ya nyumba za watu nikaona karatasi zangu zinawashia moto.

Aliyembadilisha ni jirani yangu wa nyumba ya mkabala. Watu wake walitoka Kasai. Mume wake aliletwa na treni angali kijana kuja kutumika katika kiwanda cha shaba, akafa kwa ugonjwa wa kifua, akamwachia mabinti walioolewa mbali na mtoto wa kiume mmoja. Kijana huyo alikuwa ameajiriwa kiwandani mahali pa baba yake, na kwa sababu ya kazi yake mama aliruhusiwa kubaki katika nyumba ya kampuni. Alinizidi umri, nikamwita yaya, yaani dada mkubwa. Yeye uani aliniita mdogo wangu, na darasani aliniita madamu kwa utani, huku amebana midomo ili asicheke.

"Madamu," alisema asubuhi moja mbele ya darasa lote, "huyu mama yako iko anachemusha mayi kila siku ya posho. Mbu inamupita ku sikio, haione? Na ule mwiko iko nao juu ya nini? Apige nao kintu!"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, na wiki ile nilipoketi mbele ya stensili mkono wangu ulikwenda wenyewe. Mama Usafi akaona mbu mkubwa kama mbuzi, akamkimbiza, akapanda juu ya bati la nyumba, akaruka kutoka paa moja hadi jingine, na katika picha ya mwisho akamwangusha kwa mwiko mbele ya zahanati. Chini nikaandika kwamba madimbwi yafukiwe. Mkuu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu.

"Hilo la madimbwi ni muzuri," alisema. "Lakini kuruka, madamu? Mwanamuke mwenye heshima anaruka?"

Aliiacha ipite. Jumatatu iliyofuata wanawake walifika kabla mlango haujafunguliwa, wakauliza ataruka wapi tena. Hawakumwita Mama Usafi. Walimwita Mama Mwiko, na jina hilo likamkaa.

Basi akaanza kukua, na walionikuzia ni wao. Mmoja alitaka awatoe waume baa siku ya mshahara, nikamchora anawabeba wawili wawili kwa kola za mashati. Mwingine alitaka asimamishe lori lililokatika breki kwenye mteremko, akalisimamisha kwa bega. Alipomtoa mtoto kutoka kwenye maji machafu ya kiwanda, mama mmoja aliyekuwa amempoteza wake humo alitoka nje, akarudi amenawa uso, akaniambia, "Asante, madamu."

"Hizo nguvu anazitosha wapi?" yaya aliuliza siku moja. "Muntu hawezi kuruka bure."

Nilikuwa sijawaza. Jioni nikamuuliza mume wangu, naye bila kuinua macho kwenye bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasema, "Koni. Kila kintu chenye nguvu mu hii mugini kinatoka Koni." Ndivyo ilivyokuwa. Nikachora kwamba Mama Mwiko alikuwa anafua nguo katika mto Lufira, chini ya kituo cha umeme cha Koni, radi ya zile mashine ikaingia ndani ya maji ikampitia, na tangu hapo mwiko wake ukawa unatoa cheche. Wanawake walikubali mara moja. Mmoja alisema shangazi yake alifua mahali pale pale na kweli hakuwa mtu wa kawaida.

Mwanzoni nilimvika suruali ya kazi chini ya kitenge, apae bila kuonekana mapaja. Ikaja amri ya wakubwa wa nchi kwamba wanawake wasivae suruali, na sisi sote tukatakiwa kuacha majina ya ubatizo na kutafuta ya mababu. Mama Mwiko hakuwa na jina la ubatizo, akapona hapo. Suruali nilimfutia kwa ile dawa nyekundu ya kufutia stensili, iliyonuka kama rangi ya kucha. Kina mama walipomwona anapaa na kitenge kitupu walicheka mpaka mkuu akagonga meza.

Kicheko kile ndicho ninachokumbuka vizuri kuliko picha zenyewe. Wanawake wengi wamebanana kwenye mabenchi, watoto mgongoni, sufuria za somo la upishi zimesahauliwa motoni. Sijasikia tena kicheko cha namna ile, na sasa nimezeeka, sitakisikia.

Halafu vita vikatoka upande wa mpaka. Havikutufikia Likasi kwa risasi. Vilitufikia kwa askari. Waliposema waasi waliovuka mpaka wamerudishwa nyuma, walianza kutafuta marafiki wa waasi hao katikati yetu, na kila kijana mwenye mdomo au mwenye redio akawa rafiki yao. Mtoto wa yaya hakuwa hata na mdomo. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa aliyochekwa tangu shule. Alitoka kazini saa za mchana na wenzake, wakasimama kunywa kitu karibu na lango la kiwanda, lori la askari likasimama, wakapandishwa wote. Baadhi walirudi baada ya siku chache wamevimba nyuso. Yeye hakurudi. Wakamwambia mama yake yuko gerezani na kwamba mambo yake yanachunguzwa.

Kila Jumapili baada ya misa yaya alifunga bukari na samaki katika kitambaa, akatembea hadi gerezani, akakabidhi chakula langoni, akarudi na kitambaa. Hakumwona mtoto. Aliona kitambaa kimefunguliwa na kukunjwa upya, akajipa moyo kwamba ni mikono yake iliyokikunja.

Foyer ilikuwa wazi bado. Mama Mwiko alikuwa anafundisha namna ya kumwogesha mtoto mchanga. Wanawake walikuja, lakini hakuna aliyeniomba tena Mama Mwiko afanye jambo lolote. Nilijua wanachotaka wote. Nao walijua kwamba siwezi.

Yaya ndiye aliyekuja kuniomba. Ilikuwa mchana, nilikuwa uani naanika nguo. Alishika upande mmoja wa shuka nililokuwa nakamua, tukalikamua pamoja, kisha akasema akiwa bado amelishika:

"Mudogo yangu. Unichorea kintu kimoja. Ya minye peke."

"Kintu gani, yaya?"

"Mama Mwiko anamutosha mu gereza."

Nilitazama huku na huku. "Yaya, hii haiwezi kuingia mu mashine. Batatufunga siye wote."

"Nimesema mashine? Nimesema ya minye peke. Nitaiweka mu nyumba. Nikiamuka niione."

Nilikataa. Kesho yake nilikataa tena. Hakulia wala kunisihi. Alikwenda zake na ndoo yake. Ndipo usingizi ukaniacha, na asubuhi nikachukua karatasi nzuri iliyokuwa imebaki ya somo la ushonaji, nikachora kwa penseli na kukaza kwa wino. Nilimchora Mama Mwiko angani juu ya ukuta mrefu. Mwiko aliuchomeka kiunoni. Mgongoni, ndani ya kitenge, alikuwa amembeba yule kijana mrefu jinsi mama abebavyo mtoto mchanga, miguu yake mirefu inaning'inia pande zote mbili, shavu lake limelala kwenye bega. Nilimchora amelala usingizi.

Yaya aliipokea kwa mikono miwili. Aliiangalia, akaketi chini pale pale mlangoni kwangu, akaifunika na kanga yake kama kitu kinachoweza kupigwa na baridi. Aliibandika kwa uji wa unga ukutani juu ya kitanda, kando ya picha ya Bikira Maria aliyopewa siku ya ndoa yake.

Ilikaa hapo majuma mengi. Aliyeiona ni mkaguzi wa usafi. Kampuni ilikuwa na mtu aliyepita nyumba hata nyumba kuangalia kama sakafu zimefagiwa na vyombo vimefunikwa. Alikuwa mtu mtaratibu, mimi mwenyewe nilifanya naye kazi, tulimtolea karatasi zetu. Aliingia chumbani kutafuta mbu nyuma ya kitanda. Alitoka, akaisifu nyumba kwamba ni safi, akaenda kuripoti alichokiona. Labda aliogopa kwamba wengine wameiona na yeye atahesabiwa ameficha. Wakati ule watu wengi walifanya mabaya kwa namna hiyo, bila hasira yoyote.

Niliitwa katika ofisi ya chama pale kiwandani. Mume wangu alinisindikiza hadi langoni, wakamzuia. Mkubwa aliyenipokea alikuwa amevaa koti la watu wa chama, lisilovaliwa na tai, limepigwa pasi vizuri, na ile picha niliyomchorea yaya ilikuwa juu ya meza yake, pembe moja imechanika na kubaki ukutani kwa yaya.

"Ikala, sitwayene," alisema. Ndivyo tulivyoitwa sote wakati ule, wananchi. "Ni weye njo unachoraka huyu mama?"

"Ndiyo, sitwayen."

"Unachora muzuri sana. Bibi yangu anaweka makaratasi yako yote. Batoto banazisoma." Alitabasamu, na naamini alisema kweli. "Sasa hii, nani alikutuma?"

"Hakuna muntu. Mama aliteseka, nikamuhurumia."

"Huruma ni muzuri." Aliigeuza picha kwa kidole ili inielekee. "Ninaweza kukufunga juu ya huruma hii. Bwana yako naye kazi inaisha. Unajua?"

"Najua."

"Lakini muntu mwenye batu banamupenda, hatumuue. Tunamupa kazi." Alikuwa anamzungumzia Mama Mwiko. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuwa ananizungumzia mimi. "Ba mwizi banakata nyaya za shaba kila siku. Mali ya inchi inapotea. Huyu mama iko na nguvu, anaruka, anaona kila kintu. Atakuwa mulinzi. Atabakamata, atabapeleka kule kwenye ulimutosha huyu kijana."

Alinisukumia karatasi nyeupe na penseli. Nikachora mbele yake. Alisimama nyuma ya kiti changu, akanielekeza: mwiko uwe rungu, hapana, mwiko ubaki, batu bamujue, kitenge kiwe cha chama, mwizi afungwe mikono kwa waya ule ule aliouiba. Nimeufikiria mkono wangu wa siku ile mara nyingi. Ulichora vizuri, kama ulivyozoea.

Nilimweleza mkuu wa foyer. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakuwa na umri mkubwa kuliko wangu.

"Nilikuambia asiruke," alisema. Kisha, taratibu, "Chora, madamu. Kama hauchore, foyer inafungwa, na hawa bamama bataenda wapi?"

Nyumbani mume wangu alisema hivyo hivyo kwa maneno machache zaidi. "Chora. Tuko na batoto."

Siku ya posho karatasi zikatoka. Kina mama walizipokea juu ya unga kama kawaida. Nilisimama pembeni ya foleni. Walitazama, wakakunja, wakatia kwapani, wakanisalimia kwa adabu kama unavyomsalimia mke wa mkubwa. Hakuna aliyenitukana. Ningalipenda mmoja anitukane.

Yaya hakuwa kwenye foleni kwa kuwa hakuwa na mfanyakazi tena na posho yake ilikuwa imekatwa, lakini jirani fulani alimwonyesha. Alikuja kwangu jioni hiyo kabla jua halijatua, karatasi mkononi, akaniwekea kidole juu ya yule mwizi aliyefungwa.

"Njo yeye?"

"Hapana, yaya. Ni kijana tu. Sikumuchora yeye."

"Iko na masikio yake."

Nilichukua karatasi nikaitazama, na nikaona anasema kweli. Sijui nilifanyaje. Labda ni kwa sababu niliuzoea uso ule tangu akiwa mtoto anacheza na wanangu, na kila nilipotaka kijana, mkono ulimchukua yeye. Hata wale waliobebwa kwa kola kutoka baa walikuwa na masikio yale. Hakuna aliyeona wakati ule, kwa kuwa walikuwa wanacheka.

"Anamupeleka," yaya alisema. "Sasa anamupeleka."

Aliniachia karatasi akaenda. Jumapili iliyofuata walimrudisha langoni na chakula chake, wakamwambia asije tena. Sijui kama ilikuwa kwa ajili ya picha au walikuwa wamepanga hivyo. Nimeuliza watu waliotoka mle, na hata wao hawakujua kwa nini jambo lolote lilifanyika.

Niliendelea kuchora. Hilo nalisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mama Mwiko alikamata wezi wa nyaya, akakamata wachelewaji kazini, akakamata wanawake waliokwepa kazi ya lazima ya kufagia barabara siku za Jumamosi. Chini ya picha hapakuandikwa tena kuhusu maji wala mbu. Watoto wa kambi walianza kumwogopa. Nilimsikia mama mmoja akimtisha mwanawe aliyekataa kulala: "Nyamaza, Mama Mwiko anakuya." Mtoto akanyamaza.

Habari ya kifo ilifika bombani asubuhi. Mwanamke aliyekuja kuteka maji, ambaye mume wake alikuwa ameachiliwa kutoka gerezani jana yake, alimwendea yaya, akamshika mkono, akamwambia mume wake amesema yule mrefu alikufa kwa kuhara mvua zilipokuwa zinaanza. Mvua zilikuwa zimekwisha zamani. Chakula cha Jumapili zote zile hatukujua nani alikila.

Hapakuwa na mwili. Tulifanya kilio bila mwili: mikeka chini, moto uani, nyimbo za kanisa, na padre akaja kusema misa fupi huku akitazama mlango. Nilikwenda. Mume wangu hakutaka niende, maana wakubwa wangeona, nikamwambia waone. Wanawake walisogea kunipisha, wakanisogelea kidogo kuliko walivyosogeleana. Pale juu ya kitanda, kando ya Bikira Maria, ukuta ulikuwa umechunika rangi kwa umbo la karatasi.

Yaya alipapasa mkeka kando yake. "Ikala hapa."

Nikakaa. Machozi yakanitoka.

"Usilie sana," aliniambia yeye, aliyefiwa. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Minye nilijua ni karatasi. Nilikuwa mujinga? Lakini nilikuwa namulomba. Bikira nilimulomba kwanza, na yeye kisha. Nilisema, huyu wa pili ni wa hapa kwetu, anajua njia."

Kampuni ilimpa muda mfupi aiachie nyumba, kwa kuwa hapakuwa na mfanyakazi ndani yake. Alifunga vitu vyake kwenye mafurushi mawili ya shuka, aende kwa binti yake Kasai, katika nchi ambayo aliiacha akiwa msichana na ambayo hakuijua tena. Nilimsindikiza hadi stesheni. Treni ilichelewa, tukakaa juu ya mizigo tukila karanga, tukizungumza bei ya mafuta ya mawese na mguu wake uliokuwa unavimba. Alipopanda alinipa mkono kupitia dirishani. Niliushika mpaka behewa likaanza kutembea. Baada ya hapo sikupata habari yake, wala sijui kama alifika.

Mimi hawakunifukuza. Walinichoka tu. Kijana mmoja aliyesomea uchoraji aliletwa kutoka mji mkubwa, akapewa ukuta mzima wa mbele wa foyer na makopo ya rangi halisi. Alimchora Mama Mwiko mwembamba, mweupe wa ngozi kama wale waliojipaka madawa, viatu vya kisigino, kitenge cha chama chenye uso wa mkubwa wa nchi kifuani na matakoni, mikono juu, anacheza. Mwiko aliubakiza kidogo, kisha wakamwambia unaonekana kama kitu cha jikoni, akachora mwenge wa chama juu yake. Kila mkubwa alipotembelea kiwanda, kina mama wa kambi walipangwa mistari mbele ya ukuta ule, wakacheza na kumwimbia aliyekuja, jua la mchana likiwapiga. Nami nilikuwemo. Nilicheza mstari wa nyuma, nimeupa ukuta mgongo.

Miaka ikapita, shaba ikapungua bei, posho ikapungua, kisha ikakoma. Mashine ya kurudufu iliharibika, na hapakuwa na wino wala sababu ya kuitengeneza. Mkuu wetu alihamia kwa ndugu zake. Mume wangu alikaa miezi mingi akienda kazini bila mshahara, mpaka akaacha kwenda. Foyer ilifungwa mlango kwa mnyororo, mabati yakaibwa moja moja, mvua ikaingia, ila ukuta wa mbele ulisimama.

Mabomba ya kambi nayo yalikauka, likabaki moja tu linalotoa maji, mkabala na ule ukuta, tukawa tunapanga ndoo pale tangu alfajiri. Siku moja bibi arusi mgeni, aliyeolewa kambini hivi karibuni, alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu, rangi ilivyobanduka na kuacha macho na mguu mmoja.

"Mama," aliniuliza, "huyu alikuwaka nani?"

"Sijue, mwana yangu," nilimwambia. "Nilimukuta hapo."

Alitikisa kichwa, akasogeza ndoo yake kwa mguu, nami nikasogeza yangu.